Cessna 182 ya 1974: injini mpya, propela au otopailoti, kipi kwanza?

mwana_skaileni
Assalam alaykum wakubwa zangu. Sie nyumbani tuna Cessna 182P ya 1974, injini ile ile O-470 ya farasi 230, propela ya McCauley ya mapanga mawili, otopailoti (chombo cha kuiongoza ndege yenyewe) ilokuja nayo ishakufa zamani. Masaa ya injini yanakaribia kwisha kwahiyo pesa lazma itoke, suala iende wapi kwanza. Naona njia tatu: niitoe nifunge dizeli inayotumia Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, au niweke IO-550 ya farasi 300 na propela ya mapanga matatu, au niifanyie ovahoo hii hii, yaani ifunguliwe yote itengenezwe upya, na pesa itayobaki ninunue propela na otopailoti ya Garmin GFC 500. Safari zetu nyingi Unguja Pemba, Unguja Dar, mara moja moja Tanga. Mzee anataka nguvu, mie nataka usalama, nishaurini.

fundi_kiembesamaki
Waalaykum salaam kijana. Hiyo injini ushaichungulia ndani? Chomoa plagi, tia kamera kila silinda, kata filta ya oili uone kama ina chembe za chuma. Masaa peke yake hayakwambii kitu, hapa kwetu injini inauliwa na kukaa, ndege ikilala tu na hewa hii ya chumvi kuta za silinda zinaanza kutu. Afadhali yako imetengenezwa na Continental, kemshafti (shafti inayofungua vali) iko chini ya krankshafti (inayozungusha propela) inabaki na oili, za wenzao Lycoming nyingi iko juu kule, oili inachuruzika yote inabaki kavu.

Kuhusu propela, mie ndo ningeanzia hapo. Kesho asubuhi nenda pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa mbele wa panga, pale karibu na ncha, utakuta vishimo. Kila kishimo lazma kipigwe tupa mpaka kilainike kwasababu ufa unaanzia hapo hapo, na kila ukipiga tupa panga linapungua, likishapita kipimo hakuna fundi atakaekusainia. Kisha tizama rangi, ukiona pametuna kidogo kama chunusi, kwangua, chini yake utakuta unga mweupe, hiyo ni aluminiamu inaliwa na chumvi. Sasa huko ndo watu wanafunga injini mpya ya pesa nyingi mbele wakabakisha propela ile ile, mie silikubali hata kidogo.

Mpemba_angani
Mie nasema dizeli na sibadilishi. Avgasi, petroli ya ndege ndogo, huku visiwani kila siku mtihani, na Jet A-1 ipo uwanjani kwasababu ya ndege kubwa. Ile injini ya dizeli ya SMA ya Kifaransa ya farasi 230 ina ruhusa ya kufungwa kwenye 182, haina plagi, haina magneto ya kutoa cheche, haina kabureta ya kuganda barafu, na O-470 kwa kuganda kabureta inajulikana dunia nzima, khasa hewa ya unyevu kama yetu. Na lita kwa saa inatumia chache.

bi_rubani
Kaka Mpemba nakuheshimu ila spea utapata kwa nani? Cessna wenyewe walitangaza 182 ya injini hiyo hiyo 2012, kufika 2015 wameachana nayo. Na Thielert, wale Wajarumani wa dizeli za kwenye Cessna 172 na Diamond, walifilisika 2008 wenye ndege wakabaki wanahangaika. Halafu kumbuka Speyer, Ujarumani, 2007, ile ndege ya Diamond DA42 yenye dizeli zao mbili iliruka, magurudumu yanakunjwa, injini zote mbili zikazima pamoja kwasababu kompyuta zake zilikosa umeme.

Mpemba_angani
Dada, ile ya Speyer betri ilikuwa imekufa wakawashia umeme wa nje, walipokunja magurudumu umeme ukashuka. Magurudumu ya 182P hayakunjwi. Lakini hapo kwenye spea umenishika, hilo kweli.

bi_rubani
Sasa mwana_skaileni, nisikilize. Wewe unaruka peke yako juu ya maji, masika ikikukuta ukishaipita Nungwi mbingu na bahari zinakuwa rangi moja, huoni upeo, na hapo si farasi 300 zitazokuokoa. GFC 500 ina kitufe cha LVL, unabonyeza inaisawazisha ndege mbawa na pua, unapata nafasi ya kuvuta pumzi na kufikiri. Inafanya kazi pamoja na G5 au GI 275, skrini ndogo za Garmin zinazokuonyesha ndege imekaaje, kwahiyo na vile vyombo vya zamani vya pampu ya vakyum unaanza kuagana navyo. Ilipotoka 2017 ya mihimili miwili (mbawa na pua) ilikuwa chini kidogo ya dola 7,000 bila ufungaji wala hiyo G5, ukilinganisha na injini ni pesa ndogo.

kaskazi_na_kusi
Mzee wako nae asidharauliwe jamani, nguvu ni usalama pia ukiwa umejaza watu na joto la saa nane mchana. Hata wenye Cessna Caravan wanatoa injini yake ya PT6 ya farasi 675 wanaweka ya 867, si kwa anasa, ndege inapanda vizuri.

fundi_kiembesamaki
Kweli, ila O-470 yake ya 1974 imetengenezwa kwa mafuta ya oktani 80, IO-550 lazma 100. Na 182 pua yake nzito tangu kiwandani, watu wanatua kwa gurudumu la mbele mpaka ukuta wa moto, ule wa chuma nyuma ya injini, unapinda, ukiongeza injini kubwa na mapanga matatu ya chuma unazidisha. Mapanga matatu mazuri, hayatikisi, mafupi hayaokoti mawe, yanasaidia kupanda, mwendo wa juu unapungua kidogo, lakini chukua ya kampuni ya MT, kiini mbao nje faiba, nyepesi, na ukingo wa mbele una chuma cha kuilinda.

mwana_skaileni
Basi kama nimewafahamu: kamera kwanza, ikitoka safi injini ibaki, la sivyo ovahoo ya kawaida, halafu propela ya MT, halafu GFC 500. Mzee nitamsomea hii hii. Naweza kuagiza propela sasa hivi?

fundi_kiembesamaki
Usilipe hata senti. Chukua karatasi za STC, ile ruhusa rasmi ya kubadilisha kifaa kwenye ndege, hakikisha 182P na O-470 yako kwa herufi yake ya mwisho zimo kwenye orodha, wapelekee TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, waridhie kwanza. Na ikishafungwa ndege ipandishwe mizani upya, usikubali hesabu ya kalamu.