Nyumba ya kwanza Columbus, Ohio: FHA au mkopo wa kawaida? Na fedha za upatu zinakubalika?

Mgeni_wa_Ohio

Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba ya kwanza hapa Columbus, bei isizidi dola 280,000. Wote tuna green card. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na ovataimu nimeianza miezi 14 iliyopita. Mume wangu yuko ghalani, dola 22 kwa saa. Alama za mkopo (credit score): mimi 668, yeye 702. Madeni ni gari, dola 455 kwa mwezi, limebakiza miezi 9, na kadi moja ya mkopo, dola 70 kwa mwezi. Benki tuna dola 11,000. Tumo pia kwenye upatu wa watu 12, kila mtu dola 500 kwa mwezi, na zamu yetu ya dola 6,000 ni mwezi ujao, zamu ya nne.

Afisa mikopo mmoja anasema kwa alama zangu FHA (mkopo wenye bima ya serikali) ndiyo njia pekee. Mwingine anasema tusubiri riba ishuke. Tumfuate nani? Na hizo fedha za upatu tukiziweka benki zitaleta shida?

Karani_Mikopo

Dada, nianze na upatu, maana huko ndiko watu wetu wengi wanakokwama wakati kila kitu kingine kiko sawa.

Mkaguzi wa mkopo ataomba taarifa za benki za miezi 2. Kwa mkopo wa kawaida unaofuata masharti ya Fannie Mae (shirika linalonunua mikopo ya nyumba kwa wakopeshaji), fedha zozote zilizoingia kwa mkupuo zikizidi nusu ya mapato yenu ya mwezi lazima zielezwe zimetoka wapi, kama mnazihitaji kwa ununuzi. Mishahara yenu bila ovataimu ni kama dola 7,106 kwa mwezi, nusu yake 3,553. Kwa hiyo 6,000 zitaonekana tu. Msipozieleza, ataziondoa kwenye hesabu kana kwamba hazipo.

Habari njema ni kwamba fedha za upatu zinaruhusiwa. Kinachotakiwa ni barua ya msimamizi wa upatu inayotaja idadi ya wanachama, kiasi cha kila mwezi na tarehe ya zamu yenu, pamoja na ushahidi kwamba mmekuwa mkichangia. Kama mchango unatoka kwenye akaunti kwa Zelle (huduma ya kutumiana fedha kati ya benki), ushahidi tayari upo. Kama mmekuwa mkitoa taslimu mkononi, anzeni leo kutuma kwa benki, na zamu yenu iingie kwa njia hiyo hiyo badala ya bahasha.

Sasa upande ambao hamtaambiwa mapema: mkishapokea zamu ya nne, bado mnadaiwa miezi 8 ya dola 500. Mchango huo unahesabiwa kama deni. Hesabu zenu zinaubeba, kama nitakavyoonyesha, lakini msiufiche. Ile Zelle ya kila mwezi iko kwenye taarifa zile zile mtakazowapa.

Kuhusu FHA. Si kweli kwamba ndiyo njia pekee. FHA inakubali malipo ya awali ya asilimia 3.5 kuanzia alama 580, na kwa mtu wa 590 au 600 huo ndio mlango wake. Mkopo wa kawaida kwa wakopeshaji wengi huanzia 620, na malipo ya awali ni asilimia 3 kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Kwa 668 mnafaa kote kuwili, basi wekeni hesabu mezani. Nachukua riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30 kote kuwili kama mfano, kodi ya nyumba dola 400 kwa mwezi na bima ya nyumba 130.

FHA: malipo ya awali 9,800, mkopo 270,200. Juu yake inaongezwa bima ya mkopo (humkinga mkopeshaji msipolipa), ya mwanzo asilimia 1.75, yaani 4,728, ambayo huingizwa kwenye mkopo. Marejesho ni kama 1,738, bima ya kila mwezi ya asilimia 0.55 kwa mwaka ni 124. Pamoja na kodi na bima ya nyumba: 2,392.

Mkopo wa kawaida: malipo ya awali 8,400, mkopo 271,600. Marejesho 1,717. Bima ya mkopo inategemea alama. Tukichukua asilimia 0.8 kwa mwaka ni 181. Jumla 2,428.

FHA inaonekana nafuu kwa dola 36, na hapo ndipo afisa wako alipoishia. Lakini ukiweka chini ya asilimia 10, bima ya FHA haiondoki mpaka umalize mkopo au uubadilishe kwa mkopo mpya. Ile ya mkopo wa kawaida unaomba iondolewe deni likifika asilimia 80 ya thamani ya awali ya nyumba, na kwa sheria inaondoka yenyewe kwenye asilimia 78 kama hudaiwi nyuma. Na zile 4,728 za mwanzo huku hazipo kabisa.

Halafu gari. Mkopo wa kawaida unaweza kuliacha nje deni lililobakiza miezi 10 au chini (gari la kununua, siyo la lizi). FHA nayo ina kanuni ya miezi 10, ila malipo yasizidi asilimia 5 ya mapato ya mwezi. Asilimia 5 yenu ni 355, gari ni 455, kwa hiyo FHA italihesabu.

Upande wa mkopo wa kawaida basi: 2,428 + kadi 70 + upatu 500 = 2,998, sawa na asilimia 42 ya mapato. FHA, pamoja na gari: 3,417, asilimia 48. Inaweza kupita bado, lakini mnaingia mkiwa mmebanwa. Kama mnapeleka fedha nyumbani kila mwezi, benki haitaihesabu. Nyinyi ihesabuni, kwa sababu itatoka kwenye mfuko huo huo.

Nesi_Hesabu

Naongezea kwenye ovataimu. Kawaida wanataka historia ya miaka 2. Kati ya miezi 12 na 24 inaweza kukubalika ikiwa mwajiri ataandika kwamba inaendelea na kiwango hakishuki. Miezi 14 ni ya kubishaniwa, kwa hiyo tafuteni nyumba kwa saa 40, na ovataimu ikikubaliwa iwe ziada.

Jambo ambalo watu hawalijui: HomeReady na Home Possible, mikopo ya kawaida yenye malipo ya awali madogo, ina ukomo wa mapato, asilimia 80 ya wastani wa eneo, na inayopimwa ni mapato yaliyotumika kuwapitisha. Ovataimu ikiachwa nje, haiwasukumi juu ya ukomo. Mkizidi asilimia 80 bado kuna mkopo wa asilimia 97 usio na ukomo wa mapato kwa mnunuzi wa kwanza. Na mnunuzi wa kwanza asiyezidi asilimia 100 ya wastani wa eneo anasamehewa ile ada ya nyongeza ya riba inayopangwa kwa alama. Mwulize afisa waziwazi: "Je, ada hiyo imeondolewa kwenye makadirio yetu?" Bima ya mkopo ndiyo bado inaangalia alama.

Kadi ya dola 70 ina salio kiasi gani? Ikiwa imejaa, ishusheni chini ya asilimia 30 ya kikomo, ikiwezekana chini ya 10, kabla ya tarehe ya taarifa yake. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuinua 668, na bima ya mkopo hushuka kwa kila ngazi ya alama 20.

Mgeni_wa_Ohio

Asanteni sana, sikujua kabisa habari ya gari. Kadi imejaa nusu, nitaishusha. Swali: tukijumlisha tuna 17,000. Nimesikia kuna msaada wa Ohio wa malipo ya awali. Na hili la kusubiri riba?

Mzee_wa_Dayton

Shirika la nyumba la jimbo, OHFA, linatoa msaada wa asilimia 2.5 au 5 ya bei ya nyumba. Kwa 280,000, asilimia 5 ni dola 14,000. Alama zinazotakiwa ni 640 kwa mkopo wa kawaida na 650 kwa FHA, kuna ukomo wa mapato kwa kaunti, na mnunuzi wa kwanza ni yule ambaye hajamiliki makazi yake kwa miaka 3 iliyopita. Mnaomba kupitia mkopeshaji aliyesajiliwa nao, siyo moja kwa moja.

Lisomeni sharti la miaka 7 kwa makini. Msaada unafutwa baada ya miaka 7. Mkiuza au mkibadilisha mkopo kabla ya hapo, mnaurudisha. Na riba ya mkopo unaokuja na msaada kwa kawaida iko juu kidogo. Kwa hiyo mtu anayekwambia "chukua msaada sasa, riba ikishuka mwakani utabadilisha mkopo" anakupa mipango miwili inayogongana. Omba makadirio mawili kwa mkopeshaji huyo huyo, siku hiyo hiyo: moja na msaada, moja bila.

Nyinyi mnaweza kupita bila msaada mkubwa. Malipo ya awali 8,400, gharama za kufunga mauzo kwa asilimia 3 ni 8,400 nyingine: 16,800. Mtabakiwa na dola 200, na hapo mimi sikubali. Mashine ya kupasha joto ikifa Januari mtaishia kwenye kadi. Ombeni muuzaji achangie gharama za kufunga. Kwa mkopo wa kawaida wenye malipo ya awali chini ya asilimia 10 anaruhusiwa hadi asilimia 3 ya bei, FHA hadi 6. Nyumba iliyokaa sokoni wiki 4 au 5 ndiyo ya kuombea hilo. Muuzaji akigoma, basi ule msaada wa asilimia 2.5 una maana.

Kuhusu kusubiri. Wastani wa riba ya miaka 30 wa Freddie Mac (shirika jingine kama Fannie Mae) ulikuwa asilimia 2.65 Januari 2021, ukafika 7.79 Oktoba 2023. Waliokopa kwa 3 hawataki kuuza na kuchukua mkopo wa 6 na kitu, ndiyo maana nyumba za bei yenu ni chache. Riba ikishuka nusu asilimia, kutoka 6.5 hadi 6, mnaokoa kama dola 88 kwa mwezi. Bei ya nyumba hiyo hiyo ikipanda dola 15,000, mnaongezewa kama 92. Riba ikishuka, wanaosubiri wote hurudi sokoni pamoja. Subirini kwa sababu ya akiba au alama zenu, siyo kwa sababu ya kubashiri.

Karani_Mikopo

Naunga mkono, kasoro kitu kimoja: kwao kuna sababu nzuri ya kusubiri miezi 2. Upatu utakaa benki taarifa mbili kamili, kadi itashuka, na ovataimu itafika miezi 16.

Mkianza, ombeni makadirio kwa wakopeshaji 3 ndani ya wiki 2, ili ukaguzi wa alama uhesabike kama mmoja. Kila mmoja lazima awape Loan Estimate (fomu rasmi ya makadirio ya mkopo) ndani ya siku 3 za kazi. Ukurasa wa 2, sehemu A, ndiko ada za mkopeshaji mwenyewe zilipo, linganisheni hapo. Riba nzuri iliyonunuliwa kwa pointi (ada ya mwanzo ya kushusha riba) itaonekana hapo hapo.

Tangu barua ya kukubaliwa hadi mkabidhiwe funguo: msidhamini gari la ndugu, msibadilishe kazi, msihamishe fedha kubwa kwenda nyumbani. Gari la ndugu lenye jina lako ni deni lako mpaka uonyeshe miezi 12 analilipa yeye kutoka akaunti yake.

Na kwa wanaosoma ambao hawana green card, wana kibali cha kazi tu: tangu 25 Mei 2025 FHA haiwapokei. Kwenu ni mkopo wa kawaida, msipoteze ada ya tathmini kwingine.

Mgeni_wa_Ohio

Tumeelewa. Hiyo kodi ya 400, je, inaweza kubadilika?

Mzee_wa_Dayton

Inabadilika, na inawaumiza wengi. Franklin County, kaunti ya Columbus, hupima upya thamani kila miaka 6, na kurekebisha katikati, mwaka wa 3. Upimaji wa 2023 ulipandisha nyumba za makazi kwa wastani wa asilimia 41, na marekebisho yake ya katikati ni ya 2026. Ingieni tovuti ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti, andikeni anwani, msome kodi ya sasa na thamani waliyoiweka. Nyumba ya 280,000 ambayo kaunti imeiandika 210,000 haitabaki hapo.

Kwa nyumba mpya, mwaka wa kwanza kodi huweza kuwa ya kiwanja kitupu. Eskro (fedha za kodi na bima anazowakusanyia mkopeshaji kila mwezi) inapangwa kwa hiyo, kisha bili ya nyumba nzima inakuja na mkopeshaji anawadai pengo pamoja na kiwango kipya.

Ohio kodi hulipwa kwa kuchelewa: ya mwaka huu inalipwa mwaka ujao. Kwa hiyo muuzaji huwapa punguzo mezani kwa miezi aliyoishi bila kulipia. Linapunguza fedha mnazoleta siku hiyo, lakini bili yake inawasubiri, msizitumie fedha hizo kununua fanicha.

Mkaguzi wa nyumba mlipeni wenyewe, aongeze kipimo cha radoni (gesi hatari inayotoka ardhini) na kamera ya bomba la maji taka. Radoni ikifika 4 pCi/L, muuzaji aombwe kuweka feni ya kuitoa. Nambari za akaunti ya kutuma fedha za mwisho zikija kwa barua pepe, pigeni simu kampuni ya hati (inayosimamia kufunga mauzo) kwa namba mliyopewa siku ya kwanza, siyo iliyo kwenye barua hiyo.