Ohio 2008: McCain au Obama? Tulinganishe kwa hoja

MtuWaTanga (Columbus, Ohio)
Wakuu, heshima kwenu. Niliapa uraia mwaka huu wa 2008 na hii ndiyo kura yangu ya kwanza ya rais huku. Nimeshajiandikisha, kilichobaki ni kuamua. Ombi langu moja tu: asije mtu akaniandikia "Obama mtoto wetu" akaishia hapo. Baba yake ni wa Kogelo, Kenya, tunajua, tumeshafurahi. Mimi nakatwa kodi Ohio, nina watoto wanne, mama watoto ana kisukari, na bima yetu ya afya inatoka ghalani ninakobeba boksi. Nataka tulinganishe kwa hayo.

Kwenye kodi, Obama wa Democrat anasema familia zinazoingiza zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka zitalipa zaidi, na mfanyakazi wa kawaida atapata nafuu ya dola 500, au 1,000 kwa mke na mume. McCain wa Republican anaacha punguzo la kodi la Rais Bush lilivyo, matajiri wakiwemo, na anataka kodi ya makampuni ishuke kutoka asilimia 35 hadi 25. Ila ana kitu kimoja ambacho hakisemwi sana: kiasi kisichotozwa kodi kwa kila mtoto kipandishwe kutoka dola 3,500 hadi 7,000. Mwenye wanne hawezi kulipuuza hilo. Kuhusu yule fundi bomba wa karibu na Toledo aliyelalamika kuwa Obama atampandishia kodi, ambaye McCain alimtaja karibu mdahalo mzima wa tarehe 15 Oktoba, mtanisamehe, sijawahi kukutana na fundi bomba wa robo milioni.

Vita: Obama alivipinga vita vya Iraq tangu 2002 na anataka vikosi vya mapigano vitoke katika miezi 16. McCain alishikilia askari waongezwe 2007 wakati hata wenzake walikuwa wanasitasita, na haki yake apewe, mauaji yamepungua. Ule mfuko wa dola bilioni 700 wa kuokoa mabenki wote wawili waliupigia ndiyo Seneti tarehe 1 mwezi huu, kwa hiyo hapo sioni cha kuchagua.

Ninapokwama ni bima na uhamiaji. Karibuni.

BintiKisauni (Philadelphia)
Kaka, kwenye bima hakuna kukwama. McCain anataka mchango anaokulipia mwajiri uhesabiwe kama mshahara, ukatwe kodi. Umeelewa? Kitu ambacho leo hakitozwi kitatozwa. Obama anaacha bima ya kazini kama ilivyo, anabana kampuni kubwa zichangie, na anapiga marufuku bima kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao. Una mke mwenye kisukari halafu unauliza?

Mhasibu_DC (Silver Spring, Maryland)
BintiKisauni yuko sahihi nusu. Tusiwatishe watu kwa tangazo la televisheni, tupige hesabu.

Bima ya familia kazini mwaka huu inagharimu kwa wastani zaidi ya dola 12,000, sehemu kubwa analipa mwajiri. Tuseme zote 12,000 zinaingia kwenye kipato chako. Ukiwa kwenye daraja la kodi la asilimia 15, kodi inayoongezeka ni dola 1,800. Lakini McCain huyohuyo anakupa nafuu ya dola 5,000 kwa familia (2,500 kwa asiye na familia), inayopelekwa moja kwa moja kwenye kampuni ya bima. Kwa hiyo mwaka wa kwanza MtuWaTanga anatoka na faida. Matangazo ya Obama hayasemi hivyo.

Tatizo liko kwa bosi. Leo bosi anakupa bima kwa sababu serikali haiitozi kodi, kwa hiyo anaona ina maana kukupa. Ukiondoa ile tofauti ya kodi, mwenye ghala la wabeba boksi 60 anaweza kusema: serikali imewapa dola 5,000, kajinunulieni. Sasa nenda sokoni peke yako na dola 5,000 kutafuta kitu cha 12,000. Na ukifika fomu inauliza: nani ana kisukari? Katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kukwambia hapana, au kukupa bima inayogharamia kila kitu isipokuwa sukari. McCain ana mpango wa kusaidia waliokataliwa, ila fedha alizozitaja kwa kazi hiyo naziona ndogo.

Na upande wa pili tuuseme. Mpango wa Obama unalazimisha bima kwa watoto tu, si kwa watu wazima. Ndiyo ugomvi wake na Hillary Clinton ulikuwa hapo kwenye mchujo wa Democrat, na mimi kwenye hilo nilikuwa upande wa Hillary. Ukilazimisha kampuni zipokee wagonjwa bila kulazimisha wenye afya wajiunge, wenye afya watasubiri waugue kwanza.

Mzalendo_Houston
Mnazungumza kama vile Republican hawajawahi kufanya jema. Nani alianzisha mpango wa dola bilioni 15 wa kupambana na ukimwi mwaka 2003? Bush. Nani amesaini nyongeza Julai mwaka huu hadi bilioni 48? Bush. Februari alikuja Dar akasaini na Kikwete ule mkataba wa karibu dola milioni 700 wa barabara, umeme na maji. Nina shemeji Bongo yuko hai kwa dawa hizo. Mniambie Obama ameifanyia nini Afrika hadi sasa zaidi ya kwenda Kogelo kusalimia bibi.

McCain ni mtu aliyekaa miaka mitano na nusu mateka Vietnam, akaambiwa atoke kabla ya wenzake akakataa. Na uhamiaji, yeye na Ted Kennedy, seneta wa Democrat, ndio waliobeba muswada wa 2005 wa kuwapa wasio na makaratasi njia ya uraia. Chama chake kilimtukana. Ujasiri huo sijauona kwa Obama. Yote haya nayasema kwa raha, kura yangu Texas haina kazi, kura zetu 34 za wajumbe wanaomchagua rais zinakwenda kwa McCain nikiwa nimelala. Wewe wa Ohio ndiye unayebembelezwa.

BintiKisauni (Philadelphia)
Mzalendo, McCain wa 2005 namheshimu. Lakini Januari mwaka huu, kwenye mdahalo wa Republican, aliulizwa kama muswada wake ukirudi leo ataupigia kura, akasema hapana. Huyo wa 2005 hayupo kwenye karatasi ya kura.

Jambo lingine, unapompa mtu kura unakipa na chama funguo. Desemba 2005, Bunge la Wawakilishi likiwa mikononi mwa Republican lilipitisha muswada wa kufuta bahati nasibu ya viza. Ulifia Seneti. Hapa tulioingia kwa bahati nasibu ni wangapi? Na dola bilioni 48 za Bush zimepita kwa kura za vyama vyote viwili, Obama na mgombea mwenza wake Biden wakiwa waungaji mkono.

Mzalendo_Houston
Na ule uzio wa mpaka wa 2006? Obama aliupigia ndiyo. Sawa na McCain. Usimvalishe kanzu nyeupe.

OmolloKSM (Kisumu)
Mimi sipigi kura huko, nawasoma tu. Agosti 2006 alipokuja, alisimama Chuo Kikuu cha Nairobi akatusema sisi wenyewe kuhusu ufisadi na ukabila, mpaka serikali ikakasirika. Anayedhani akishinda ataleta magunia ya dola hapa Nyanza hakuisikiliza hotuba ile. Sherehe tutafanya, ng'ombe tutachinja, lakini MtuWaTanga ana haki ya kuuliza habari ya bima yake.

ShangaziMinnesota
Wanangu, mimi hoja yangu ni moja. McCain ametimiza miaka 72 Agosti. Mgombea mwenza wake ni Sarah Palin, gavana wa Alaska ambaye hata hajamaliza miaka miwili kazini. Biden yuko Seneti tangu 1973. Nimeuguza wazee maisha yangu yote, naijua miaka 72 inavyoweza kukugeuka.

Halafu kuna hili la kumwita Obama Mwislamu kama tusi. Tunaovaa hijabu tunasikiliza. Jumapili iliyopita Colin Powell, Republican, jenerali, amemuunga mkono Obama na kusema: Obama ni Mkristo, lakini hata angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Nilikaa chini. Ila sijasahau pia kwamba Juni, Detroit, watu wa kampeni ya Obama waliwazuia mabinti wawili wenye hijabu wasikae nyuma yake wakaonekana kwenye picha. Waliomba radhi, sawa. Kura nampa, macho nayaacha wazi.

Msemakweli
Wote wawili wanalishwa na mabenki. Ralph Nader, mgombea huru, yupo kwenye karatasi ya Ohio. Mpe yeye, ulale na dhamira yako.

Mhasibu_DC (Silver Spring, Maryland)
Florida 2000: Bush alimshinda Al Gore kwa tofauti ya kura 537. Nader alipata zaidi ya 97,000. Mimi wa Maryland naweza kujipa anasa hiyo, matokeo yetu yanajulikana. Mtu wa Ohio, kura 20 za wajumbe, jimbo alilolichukua Bush 2004 kwa kura kama 118,000? Hapana.

MtuWaTanga (Columbus, Ohio)
Nashukuru wote. Nimesoma hesabu ya Mhasibu mara kadhaa na nimemwonesha mama watoto. Kwenye kodi McCain ananifaa, na ile ya watoto inaniuma kuiacha. Lakini siwezi kucheza kamari na kisukari. Ni Obama, na nasisitiza ni kwa bima. Mzalendo usininunie.

Swali jingine: siku yenyewe nisubiri au niende mapema? Wenyeji wananiambia 2004 watu wa Columbus walisimama mvuani masaa kwa masaa.

Mzalendo_Houston
Nimenuna kidogo, yatapita. Nenda mapema.

Mhasibu_DC (Silver Spring, Maryland)
Nenda mapema, na chukua kitambulisho chenye anwani yako ya sasa. Halafu usiishie kwa rais. Kwenye karatasi yenu kuna Swali namba 5, kuhusu maduka ya mikopo ya kusubiri mshahara. Sheria mpya ya Ohio imeshusha riba yao hadi asilimia 28 kwa mwaka, zamani ilikuwa inafika 391. Wenye maduka wanataka wapiga kura waitupe. Ukitaka sheria ibaki, weka alama kwenye NDIYO. Watu wanachanganyikiwa hapo, wanadhani ndiyo ni ya kuruhusu mikopo. Waambie na wenzako wa ghalani, najua kuna wanaopita pale kila wiki mbili.

MtuWaTanga (Columbus, Ohio)
Kumbe! Tangazo lao linapita kila jioni kwenye televisheni, wanasema piga hapana ulinde ajira. Nilikuwa nimeshashawishika. Nawaandikia wenzangu sasa hivi kabla zamu haijaanza.