Watoto wanahamia Japani mwezi wa tatu: niwaandaeje?

Kutoka: mama wa wawili, Dodoma

Wakubwa shikamooni. Mume wangu yuko Nagoya kimasomo, nasi tutamfuata mwishoni mwa mwezi wa tatu. Mkubwa ametimiza sita juzi, mdogo ana minne. Mkubwa ataingia darasa la kwanza shule ya serikali mwezi wa nne, na Kijapani hajui hata neno. Nimewaonyesha picha za treni na maua ya sakura, lakini naona nawaandaa kama watalii. Ninyi mliolea huko, niwafundishe nini hasa kabla hatujapanda ndege?

Kutoka: mama wa watatu, Saitama

Marahaba mdogo wangu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa, na mkubwa wangu alikuja na umri huohuo wa wako, kwa hiyo nakwambia ya nyumbani kwangu.

Anza na yale wanayoyajua. Mtoto aliyezoea kuamkia wakubwa hasumbuki kuinamisha kichwa. Kuvua viatu mlangoni si kigeni kwetu, ila hapa pana sehemu yake maalumu, genkan, na shuleni atakuwa na viatu vya ndani, uwabaki, ambavyo kwa kawaida hurudi nyumbani Ijumaa vikafuliwe. Hodi nayo ipo: ukiingia kwa watu unasema "ojama shimasu". Ukirudi kwako unasema "tadaima", walio ndani wanaitikia "okaeri". Fanyeni mchezo huo mlangoni hapo Dodoma kila mnapotoka sokoni. Hata usafi wa darasa hautamshangaza, maana zamu ya kufagia anayosikia kwa watoto wa majirani ndiyo hiyohiyo, na kitambaa cha kupigia deki atabeba kutoka nyumbani.

Lugha isikutishe. Irabu zao ni tano kama zetu: sakana ni samaki, mizu ni maji, tamago ni yai. Mtoto wetu huyatamka vizuri siku ya kwanza. Herufi zao za kwanza, hiragana, za msingi ni 46; akifika anazitambua nusu, amepiga hatua. Jina lake mfundishe kwa katakana, aina nyingine ya herufi zao, kwa kuwa majina ya wageni huandikwa hivyo. Jina hilo litaandikwa kwenye kila kitu. Nasema kila kitu: penseli moja moja, soksi, na vile vijiti vidogo vya kuhesabia vya somo la hesabu. Nunua stika za majina mapema, mimi nilikesha.

Sasa chakula cha shule, kyushoku, maana hapo ndipo mwanangu alipoumia. Watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, wakawapakulia wenzao, halafu wote na mwalimu hula darasani. Viganja vikikutana wanasema "itadakimasu", wakimaliza "gochisosama". Ni jambo zuri sana kulitazama. Lakini wali ni mweupe, bila chumvi wala nazi, na maziwa yapo karibu kila siku, baridi, hata kama mlo ni samaki. Mwanangu alirudi na njaa siku nne mfululizo na hakuniambia. Nilijua kwa daftari la mawasiliano, renrakucho, ambalo mwalimu na mzazi huandikiana. Lisome kila jioni hata kama ni kwa kutafsiri kwa simu. Tangu hapo kila Jumamosi nikapika kwa mtindo wao: wali mweupe usio na chumvi, supu ya miso (soya iliyochachushwa), samaki wa kuchoma. Vijiti tulijifunza kwa kuhamisha maharage kutoka bakuli hili hadi lile. Wewe anza hayo huko huko, usingoje afike na tumbo tupu.

Lililonitoa machozi mimi mwenyewe ni kumwachia mtoto wa miaka sita atembee kwenda shule bila mzazi. Huku kwetu huenda kwa kundi, wa darasa la sita anaongoza, na wa darasa la kwanza huvaa kofia za njano. Kwenye begi, randoseru, hutundikwa kengele ya kujihami inayolia ukivuta kamba. Njiani zipo nyumba zenye alama ya "Kodomo 110-ban no ie", mtoto akiogopa anakimbilia humo. Tembea naye njia ile wiki nzima kabla ya shule kufungua, mwonyeshe nyumba hizo moja moja, kisha mwachie yeye akuongoze.

Na tetemeko mwambie sasa, kwa sauti ya kawaida. Asije akalisikia mara ya kwanza usiku simu zote zikilia kwa pamoja kutoa tahadhari. Mazoezi shuleni ni ya mara kwa mara, na tarehe 1 Septemba ni siku ya kujiandaa na maafa, kwa kumbukumbu ya tetemeko la Kanto la 1923. Fanyeni zoezi la kujificha chini ya meza na kushika miguu ya meza hiyo.

Kutoka: baba, Kanagawa

Naongezea dogo kwa sisi Waislamu. Shule hutoa ratiba ya mlo ya mwezi mzima. Omba mkutane na mwalimu na mtaalamu wa lishe, uiwekee alama siku za nguruwe, na siku hizo mtoto abebe bento, yaani chakula cha kutoka nyumbani. Uliza pia kuhusu mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, na jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe; hazionekani kwa macho. Na bento ifanane na chakula cha wenzake inapowezekana. Binti yangu hilo ndilo aliloniomba.

Kutoka: mama wa watatu, Saitama

Kweli kaka. Na jambo la nywele: wa kwangu alishikwashikwa kichwa wiki nzima. Sikugomba. Nilimwomba mwalimu nusu saa, nikaenda na kanga mbili na ramani, watoto wakajifunga kanga, wakauliza mpaka kengele ikalia.

Kutoka: mama wa wawili, Dodoma

Dada, kaka, Mungu awazidishie. Maharage tumeanza jana. Mchezo wa mlangoni nao umeshika, isipokuwa mdogo, kila kaka yake akisema "tadaima" yeye anaitikia "karibu". Nimemwacha kwanza. Hizo stika za majina zinapatikana duka gani hapo Nagoya, au niagize kabla?