Mzee kaambiwa mkojo una protini ++, na sasa anaitwa kwenye utafiti. Tumshauri nini?

Kitinda mimba, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo.

Baba yangu ana miaka 61, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kisukari mwaka wa tisa huu, presha mwaka wa nne. Anameza metfomini na losatani ya miligramu 50. Wiki iliyopita alienda kliniki kama kawaida, wakapima mkojo kwa kile kijiti, majibu yakatoka protini ++. Muuguzi akamwambia "figo zimeanza kuvuja, baba". Tangu siku hiyo mzee halali. Jirani yetu wa ukuta mmoja alianza na maneno hayohayo, akaishia kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwaka jana tukamzika. Kwa hiyo baba akisikia "kuvuja" anaona jeneza.

Halafu kuna hili la pili. Kliniki ileile kuna watu wa utafiti wanatafuta wenye kisukari ambao mkojo wao una protini. Wamempa fomu ya kurasa kumi na moja akasome nyumbani. Baba kasema hawezi kuwa panya wa maabara. Mama anataka aingie kwa sababu vipimo ni bure. Mimi nipo katikati.

Naombeni mnisaidie: hizo ++ ndiyo figo zimeshakufa? Na utafiti wa namna hii unatafuta nini hasa kwenye mkojo wa mtu?

Mkulima wa Kilosa

Pole sana ndugu. Shemeji yangu alikuwa na ++ kama hizo. Akawa anakunywa maji lita nne kwa siku, aliporudi kupima ikaandikwa hakuna. Mwambie mzee anywe maji ya kutosha, atakaa sawa.

Mzee wa Benchi

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya maabara miaka 27, mingi nikiwa Kanda ya Ziwa. Nianze na maji, kwa sababu ndugu wa Kilosa kasema alichokiona kweli, ila tafsiri yake inaweza kumponza mtu.

Kijiti hakijui protini iliyotoka kwa siku nzima. Kinasoma ukolezi tu wa huo mkojo uliomo kwenye kikopo. Alama + ni kama miligramu 30 kwa desilita, ++ kama 100, +++ kama 300. Mnyweshe mtu lita nne, mkojo unakuwa kama maji ya bomba, rangi ya kijiti inafifia, na figo inavuja kama jana. Kinyume chake, mtu aliyeshinda juani bila kunywa kitu, mkojo wake mzito unaweza kutoa + na figo zake ni nzima.

Ndiyo sababu watafiti na madaktari wa figo hawaishii kwenye kijiti. Wanapima albumini, ambayo ndiyo protini kuu ya damu, na kreatinini kwenye mkojo uleule, wanagawanya moja kwa nyingine. Kreatinini ni taka ya misuli, figo huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku. Ukinywa maji mengi zote mbili zinachujuka pamoja, uwiano unabaki palepale. Mwalimu wa hesabu hili halihitaji kuelezwa mara mbili. Mwambie aombe kipimo hicho, na apeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Kisha kirudiwe. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, kazi nzito siku iliyotangulia, vyote vinapandisha protini kwa muda. Ili uitwe ugonjwa sugu wa figo, tatizo linatakiwa lidumu zaidi ya miezi mitatu. Na aulize kama kijiti kilionyesha damu pia. Kule kwetu kwenye majaruba ya mpunga, na hata Unguja na Pemba, kichocho cha mkojo kinaleta damu na protini kwa mtu asiye na kisukari wala presha.

Nasisitiza kurudia kwa sababu kuna kosa langu ambalo sijalisahau. Nikiwa mgeni kazini, foleni ikiwa ndefu, nilichovya vijiti kumi kwa mpigo. Sehemu ya protini husomwa baada ya sekunde 60 hivi. Nilipofika cha kumi dakika kadhaa zilikuwa zimepita na rangi imekolea. Nikaandika +++. Mwenye mkojo alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Akapewa rufaa, kwao wakauza mbuzi wawili wapate nauli, na huko alikokwenda wakamkuta hana kitu. Tangu hapo sikuwahi kuchovya zaidi ya kijiti kimoja kwa wakati.

Sasa swali lako la pili. Kuvuja kwa protini kulijulikana zamani kuwa dalili. Daktari Richard Bright wa Guy's Hospital, London, aliandika mwaka 1827 kuhusu wagonjwa waliovimba mwili. Mkojo wao ukichemshwa uliganda kama ute wa yai, na walipokufa figo zao zilikutwa zimeharibika. Swali lililochukua muda mrefu kujibiwa ni hili: ukizuia uvujaji, unaiokoa figo? Mwaka 1993 yalitoka majibu ya kaptoprili, dawa ya presha, kwa watu 409 wenye kisukari aina ya kwanza. Waliopewa dawa, hatari ya kreatinini ya damu kuongezeka mara mbili, yaani figo kushindwa kuitoa, ilipungua kwa asilimia 48 ukilinganisha na waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa.

Na losatani anayoimeza baba yako? Mwaka 2001, utafiti uliofanywa kwa watu 1,513 wenye kisukari aina ya pili na protini kwenye mkojo, kama yeye, ulionyesha kuwa losatani ilipunguza protini kwa asilimia 35, na hatari ya figo kushindwa kabisa ikapungua kwa asilimia 28. Nusu ya watu wale walimeza kidonge kitupu pamoja na dawa zao nyingine za presha, bila kujua, ndipo daktari wa Moshi leo anaandika losatani kwa uhakika. Mzee anapoikataa fomu, hilo nalo alijue. Sisemi aingie. Nasema hao watu hawakuwa panya.

Mama wa Temeke

Mie sijui mambo ya tafiti ila la kuvuja nalijua. Mwanangu alivimba uso akiwa na miaka minne, nikadhani amekula kitu kibaya. Siku ya tatu macho hayafunguki. Mkojo ++++. Wakamwanzishia prednisoloni, nami nikafundishwa kumpima mwenyewe kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Siku ya kumi na mbili ikaandikwa "kidogo", ya kumi na nne "hakuna". Lile daftari ninalo mpaka leo, na mtoto yupo darasa la sita.

Kaka, kaa na baba yako umweleze kwamba kuvuja kuna aina nyingi. Wa kwangu alivuja kuliko huyo mzee wenu na figo zake zipo.

Kitinda mimba, Moshi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimerudi na majibu. Tulirudia jana na mkojo wa asubuhi kama Mzee wa Benchi alivyoelekeza, maabara ya binafsi. Damu kwenye mkojo hakuna. Uwiano wa albumini na kreatinini umetoka 38. Kaka yangu kasoma mtandaoni kwamba kawaida ni chini ya 30, na kwamba 30 hadi 300 ni hatua ya mwanzo tu. Kwa hiyo tumepumua, mama kapika pilau kabisa.

Mzee wa Benchi

Mwanangu, kabla hamjamaliza hilo pilau, angalia mbele ya hiyo 38 pameandikwa nini. Ni miligramu kwa gramu, au miligramu kwa milimoli?

Kitinda mimba, Moshi

mg/mmol.

Mzee wa Benchi

Nilihofia hivyo. Kuna vipimio viwili na maabara zetu zinachanganya. Kaka yako alisoma vya gramu. Kwa milimoli, kawaida ni chini ya 3, na juu ya 30 ni kundi la juu kabisa. Zidisha 38 kwa 8.84, utapata kama 336 kwa gramu. Kwa hiyo mzee amevuka 300.

Usimpeleke kwa mshtuko lakini. Mpeleke kwa hesabu, ndiyo lugha yake. Uvujaji ni jambo moja, na uwezo wa figo kuchuja ni jingine. Hilo la pili linaonekana kwenye kreatinini ya damu. Waombeni na hiyo. Watu wengi wana 336 na figo bado inachuja vizuri, na hapo ndipo matibabu yana faida kubwa.

Daktari aulizwe mambo mawili. Kwanza, losatani ya 50 inaweza kupandishwa hadi 100? Kwenye utafiti ule wa 2001 wengi walifikishwa 100. Ikipandishwa, potasiamu ya damu ipimwe. Pili, zile dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini. Mwaka 2020 yalitoka majibu ya watu 4,304 wenye uwiano wa kuanzia 200 kwa gramu, wenye kisukari na wasio nacho: figo kuporomoka, kushindwa, au vifo vya moyo na figo vilipungua kwa asilimia 39. Utafiti ule ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Ulifanyika nchi 21, na hakuna hata moja ya Afrika. Hilo linaniuma. Tuna utafiti wetu wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015, watu wazima 481, na karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa wa figo hawakuwa na kisukari, wala presha, wala virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo figo zetu zina visa vyake, na havitajulikana kwa kusoma mkojo wa watu wa Denmark.

Ila asiongeze dawa kwa kubahatisha. Kuna utafiti mkubwa wa 2008, watu zaidi ya 25,000, uliounganisha dawa mbili za presha, ramiprili na telmisatani. Protini ilidhibitiwa vizuri kuliko kwa dawa moja, lakini waliohitaji kusafishwa damu au walioongezeka kreatinini mara mbili wakawa wengi zaidi. Protini kushuka si kila mara figo kupona. Mtafiti yeyote atakayemwambia "tunapima protini tu", mzee amuulize na figo yenyewe wataifuatilia kwa muda gani.

Na kama anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, aache leo.

Kitinda mimba, Moshi

Mzee, magoti umejuaje? Alikuwa anameza karibu kila jioni. Nimezitoa kabatini zote.

Nimemsomea jibu lako lote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba karatasi akaifanya mwenyewe ile hesabu ya 8.84. Akapata 335.92. Akasema maabara inatakiwa kuandika vipimio kwa herufi kubwa.

Ile fomu ameichukua tena. Ipo kwa Kiswahili, na ina kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ameanza kuipitia kwa kalamu nyekundu. Mpaka usiku huu ana maswali manne pembeni: nani ataamua nani apate dawa na nani asipate, akiumwa katikati nani anagharamia, akijitoa, kliniki yake ya kawaida itaendelea vilevile, na utafiti ukiisha, kama dawa imemfaa, ataipata wapi. La nne kalipigia mistari miwili.

Kesho saa mbili tunakwenda wote kuwauliza. Damu ya kreatinini na potasiamu atatoa hukohuko. Nitaleta majibu, na vipimio vyake.