Polisi wa India wanaosaka majambazi sugu: huanzia ngazi gani?

Mwandishi_Pangani: Wakuu, habari za humu. Naandaa makala kuhusu polisi wa India wanaosaka majambazi sugu. Kwenye filamu ofisa mmoja hufanya kila kitu. Hali halisi ikoje? Mtu aingie kupitia IPS (huduma ya kitaifa ya maofisa wa juu wa polisi) au aanzie kituoni? Na kesi huharibikia wapi?

Kamanda_Mstaafu: Mkuu, IPS huingia kwa mtihani wa UPSC, tume ya ajira za serikali kuu: mchujo, karatasi tisa za kuandika, kisha usaili wenye alama 275 kati ya 2,025. Mafunzo yenyewe ya upolisi ni Hyderabad, na anapangiwa jimbo. Baada ya miaka michache anakuwa SP, mkuu wa polisi wa wilaya nzima, na hapo kazi yake kubwa ni kupanga na kuamuru. Anayewalea watoa habari na kujua mhalifu ana shemeji mtaa gani ni sabu-inspekta, ofisa wa kituoni aliyeajiriwa na jimbo. Anayetaka kusaka kwa miguu yake apite huko.

Bint_Salama: Hao watoa habari ndio roho ya kazi. Tazama Veerappan, jangili wa ndovu na msandali aliyejificha miaka mingi kwenye misitu ya Tamil Nadu na Karnataka. Doria kubwa kubwa hazikumpata. Kikosi cha polisi kilichoongozwa na K. Vijay Kumar kikapenyeza watu wake kundini. Macho yalikuwa yanamsumbua, akakubali kutoka msituni kwenda kutibiwa. Gari la wagonjwa alilopanda lilikuwa la polisi, na Oktoba 18, 2004 likasimama karibu na Papparapatti, kikosi kikiwa kinamsubiri. Aliuawa hapo.

Wakili_Mvita: Niongeze la kesi, maana wengi hushindwa baada ya kukamata. Mshukiwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24, bila kuhesabu muda wa safari. Alichokiri mbele ya polisi si ushahidi dhidi yake, kwa hiyo ofisa aliyetegemea kukiri tu hana kesi. Tangu Julai 1, 2024 upekuzi lazima urekodiwe kwa video. Hati ya mashtaka isipowasilishwa ndani ya siku 60, au 90 kwa makosa makubwa, mshukiwa anapata dhamana kama haki yake, hata awe hatari vipi.

Na akiuawa kwa risasi za polisi, Mahakama ya Juu iliagiza mwaka 2014 kwamba uchunguzi ufanywe na CID au timu ya kituo kingine, silaha zikabidhiwe kwa uchunguzi, na pasiwe na kupandishwa cheo papo hapo. Mwandishi, hilo usiliache kwenye makala yako.