Kafi la Salim: gumzo la kikundi cha ukoo

*Ijumaa jioni*

Salim (Bergen, Norwei): Asalaam aleykum nyote. Mjomba, shikamoo. Nimeanza kuchonga kafi la kayaki (ule mtumbwi mwembamba), lile la Kigreenland lenye bapa huku na huku. Picha hizo nne. Naomba uliangalie kabla sijatia msasa.

Mjomba Fundi: Waaleykum salaam. Marahaba mwanangu. Mbona jembamba hivi? Hili ni bapa au ni mpini?

Salim: Ni bapa, Mjomba. Penye upana zaidi ni sentimita 8 na nusu, kiasi cha kiganja kufumbata. Wainuiti wa Greenland hawana msitu wa kukata mbao, walichonga kwa magogo yanayoletwa na bahari. Na bapa jembamba upepo haulishiki sana. Urefu wanapima kwa mwili wa mwenye kafi: pima moja (mikono ikinyooshwa huku na huku, ncha hadi ncha) na mkono mmoja (kiwiko hadi ncha ya vidole). Pima yangu 178, mkono 47, kafi 225.

Mjomba Fundi: Pima na mkono! Mbona hao ni kama sisi. Babu yenu alijenga mashua hapa Matondoni, Lamu, bila futi, kila kitu shibiri, mkono na pima.

Mjomba Fundi: Nyuzi za mbao zinakwendaje? Kwenye picha sizioni vizuri. Zikikatisha bapa kwa mshazari, siku utakayojiegemeza kwa nguvu litakatika hapo hapo.

Salim: Zimenyooka mwisho hadi mwisho. Ni msonobari, mbao ya mbili kwa nne. Nilipindua rundo zima dukani mpaka nikapata moja isiyo na kifundo.

Mwanaisha: Kaka, mbao ya pembe nne unaitoaje mpini wa mviringo? Randa si inakata tambarare tu?

Mjomba Fundi: Unavunja pembe kwanza, mwanangu. Nne ziwe nane, nane ziwe kumi na sita, ndipo unaparuza kidogo kidogo. Ukikimbilia mviringo tangu mwanzo, mpini unatoka na matuta. Ndivyo tunavyotoa mpini wa kasia.

Salim: Nimefika pembe nane. Mpini sentimita 52, upana wa mabega yangu.

Mjomba Fundi: Simama hapo. Usitie msasa. Lilaze juu ya kidole katikati uone linainamia wapi. Halafu liegemeze ncha zote mbili juu ya vigogo, ukandamize katikati kwa kiganja, uangalie kama mabapa yanapinda sawasawa. Kisha lipeleke majini likiwa bado nene. Mbao ukishaitoa hairudi.

Mama: Majini wapi, na baridi hiyo ya Norwei? Salim, jaketi la kuokolea unalo?

Salim: Ninalo Mama, na nguo za maji baridi. Sitoki peke yangu, na hatuendi mbali na ufuo.

*Jumamosi mchana*

Salim: Nimerudi. Mama, mzima na mkavu. Lakini Mjomba, kafi linayumba. Nikivuta kulia linakuja vizuri. Nikivuta kushoto linatetemeka mkononi, linakwenda huku na huku, na maji yanalia.

Mjomba Fundi: Uligeuza?

Salim: Kugeuza vipi?

Mjomba Fundi: Bapa la kushoto ulihamishie kulia. Tatizo likihama pamoja na bapa, ni mbao. Likibaki mkono ule ule, basi ni mkono wako, usiguse randa kabisa.

Salim: Sikufanya hivyo. Ngoja, bado kuna mwanga wa kutosha, narudi.

Mama: Kula kwanza.

*saa mbili baadaye*

Salim: Ni yote mawili, mbao na mkono. Nilipogeuza, mtetemo mkubwa ulihamia kulia. Lakini mkono wa kushoto nao ulibaki na mtikisiko mdogo. Mwenzangu mmoja wa hapa akaniambia nalisimamisha bapa wima, ilhali ukingo wa juu unatakiwa ulale mbele kidogo. Nikaulaza, mtikisiko ukaisha. Umebaki ule wa mbao.

Mjomba Fundi: Piga picha ya ncha, kama unavyochungulia bomba.

Salim: *[picha]*

Mjomba Fundi: Umeona? Ukingo haukukaa katikati. Uso mmoja una tumbo, wa pili umelala. Maji yanapita upesi upande mmoja na kukawia upande wa pili, kwa hiyo lazima liyumbe. Chora mstari wa katikati upya ubavuni, utoe kwenye tumbo tu. Randa nyepesi, kisha fumba macho upitishe vidole. Vidole vinajua kabla ya jicho.

*Jumanne usiku*

Salim: Limetulia! Limenyamaza kabisa majini, pande zote mbili. Nilivuta saa nzima na bega haliumi. Uzito umeshuka kutoka gramu 1,380 hadi 1,190. Nimelilowesha maji nyuzi zisimame, nimepiga msasa tena, sasa napaka mafuta ya kitani.

Mwanaisha: Jamani zuri! Hata rangi imekolea.

Mjomba Fundi: Hongera sana mwanangu. Huku chombo tungekipaka sifa, yale mafuta ya papa, lakini kwa harufu yake hilo ulale nalo chumba kimoja huwezi.

Salim: Matambara ya mafuta nimeyatandaza nje, Mama, kabla hujauliza. Haya ya kitani yakiachwa yamekunjwa hujipasha moto na kuwaka yenyewe.

Mama: Alhamdulillahi. Ningeuliza.

Mjomba Fundi: Mbao ile imebaki kipande?

Salim: Ipo nyingine nzima, Mjomba. Nilinunua mbili.

Mjomba Fundi: Nichongee na mimi moja, nataka kulijaribu horini, kwenye maji hapa mbele ya kijiji. Pima yangu 168, mkono 44. Mwanaisha amenipima sasa hivi kwa futi, mara mbili.

Salim: 212. Naanza Ijumaa inshallah. Nitalichonga pembe nane tu, mengine utamalizia wewe.