Mke na mume tunataka kujitolea nje ya nchi: tuombe pamoja au kila mtu kivyake?

Mwanga_Sokoni:
Wakuu, habari za humu. Tupo Kigoma mjini. Mke ni muuguzi mkunga, diploma na leseni hai, miaka 6 kazini. Mume anafundisha umeme chuo cha ufundi cha serikali, miaka 8. Umri 30 na 33, mtoto mmoja wa miaka 6. Ndoa ya msikitini, cheti kipo. Tunataka kwenda kujitolea mwaka mmoja au miwili, na tusitengane. Je, kuna fomu ya wanandoa? Na tuanze na karatasi zipi? Pasipoti hatuna bado.

Bangwe_Bandarini:
Fomu ya wanandoa karibu hakuna mahali. Mashirika mengi yanaangalia nafasi, na nafasi ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo kila mtu anaomba kivyake, halafu kwenye barua ya maombi mnataja kwamba mwenza naye ameomba, fani yake ni hii.

Mfano UNV, wale wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa. Kila mmoja anafungua wasifu wake kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Ngazi ya mtaalamu wa kimataifa inataka umri wa kuanzia 27 na uzoefu wa angalau miaka 3, kwa hiyo wote mnaingia. Kabla ya kubonyeza kuomba, soma tangazo mpaka mwisho utafute kama kituo ni cha familia au siyo. Kisipokuwa cha familia, mume, mke wala mtoto haruhusiwi kuishi pale na aliyepata nafasi, hata mkisema mtajilipia wenyewe. Watu wanaruka mstari huo, wanakuja kushtuka baada ya usaili.

Hata kwenye kituo cha familia msitegemee kupata nafasi mbili mji mmoja kwa wakati mmoja. Njia inayowezekana zaidi ni mmoja apate, mwingine aende kama mwenza, halafu atafute cha kufanya akiwa huko, kama viza yake inaruhusu. Kwa fani zenu naona mkunga ndiye atangulie.

Hapa Kigoma kuna watu wanaona Peace Corps, wajitoleaji wa Marekani, walianza kuja huku tangu 1961, wanadhani na sisi tunaweza kuomba. Ile ni ya raia wa Marekani tu. JICA, shirika la misaada la Japani, nao wanaleta Wajapani. Msipoteze bando huko.

MamaGungu:
Kabla ya hayo yote, dada, wekeni mezani karatasi zenu zote: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, diploma, leseni, kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa. Someni majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi wa huku kwetu wanakwama. Cheti cha shule kimeandikwa Zainabu H. Kibwana, NIDA ni Zainab Hamisi Kibwana, cheti cha ndoa shehe kaandika Zainabu Hamis. Kwako ni mtu mmoja, kwa ofisa wa viza ni watu watatu.

Tofauti ya herufi moja au jina la kati lililofupishwa mnaweza kuitibu kwa kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, kikitaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye cheti kipi. Jina likiwa tofauti kabisa, kiapo cha kawaida hakitoshi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, halafu NIDA warekebishe, ndipo muombe pasipoti. Mkienda kinyumenyume mtalipa mara mbili.

Na tafadhali, dada asiingize jina la ukoo la mume kwenye pasipoti kwa ajili ya kuonekana mke wa mtu. Diploma na leseni vina jina la baba yake. Cheti cha ndoa kinatosha kueleza undugu wenu.

Pasipoti yenyewe ada jumla ni shilingi 150,000 kwa mtu, inadumu miaka 10. Unajaza mtandaoni, unapata namba ya malipo, unachapisha fomu na kwenda nayo Uhamiaji na vyeti halisi. Utatakiwa cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi, au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi. Sisi ni mkoa wa mpakani, maswali ya uraia yanachimbwa kuliko mikoa mingine: mzazi kazaliwa kijiji gani, babu alitokea wapi. Kaeni na wazee mapema, mwandike majina ya vijiji na kata, ili mume asiseme Kasulu na kiapo kikasema Buhigwe. Barua yoyote ya shirika inayoeleza safari iende nayo, kwa sababu mtaulizwa mnasafiri kwa nini. Mtoto naye anahitaji pasipoti yake.

Cheti cha ndoa kikienda kutumika nje, balozi nyingi zitataka kipitie RITA, wale wakala wa usajili wa vizazi na ndoa, kisha kigongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo ubalozi. Kama kimeandikwa Kiswahili, tafsiri ya mtafsiri anayetambulika iambatane nacho. Nakala za simu zilizopigwa picha kitandani, na kivuli cha mkono juu, msitume. Nendeni steshenari mkaskani.

Reli_ya_Kati:
Naongeza kuhusu Uingereza maana ndiyo watu wengi wanaulizia. Viza ya kujitolea kwenye shirika la hisani inatolewa kwa muda usiozidi miezi 12. Bila cheti cha udhamini kutoka shirika lenye leseni ya huko, hakuna maombi. Posho ni ya kurudisha gharama tu, mshahara hapana. Mwenza na mtoto wanaweza kuombewa kama wategemezi.

Pesa ya kuonyesha benki: pauni 1,270 za mwombaji, 285 za mwenza, 315 za mtoto wa kwanza. Jumla 1,870, na zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Mtu anatoa kidogo siku ya 20 ya ada ya shule, anarudisha kesho yake, hesabu imeanza upya. Shirika ambalo leseni yake ya udhamini ni ya daraja la A linaweza kuwadhamini hiyo pesa, waulizeni mapema. Ada ya afya iko mbali na hapo, pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka.

Ukikaa zaidi ya miezi 6 unapimwa TB kwenye kituo kinachotambuliwa, Dar. Cheti kinadumu miezi 6. Picha ya kifua ikiwa na shaka unatoa makohozi, na majibu ya kuotesha yanaweza kufika wiki 8. Kwa hiyo msikate tiketi ya treni ya kurudi Kigoma siku inayofuata, na msipime kabla cheti cha udhamini hakijakaribia, kisije kikaisha muda wake.

Chanjo ya homa ya manjano mchome mapema. Kitabu kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha.

Mwanga_Sokoni:
Asanteni sana. Mume ni mtumishi wa umma. Akiomba likizo bila malipo, barua anaiandikaje? Na ana mkopo wa benki.

MamaGungu:
Barua inaandikwa kwa mwajiri, kupitia kwa mkuu wa chuo, siyo kumruka. Itaje tarehe ya kuondoka na ya kurudi, nchi, shirika, na iambatane na barua ya nafasi. "Nina mpango wa kusafiri" peke yake haitamfikisha popote. Asiondoke kituoni kwa ruhusa ya mdomo hata kama mkuu ni rafiki, maana utoro kazini unamfukuzisha mtu. Na kibali cha kusafiri nje ni jambo la pili, likizo haikijumuishi.

Mkopo ndio msumari. Makato yanatoka kwenye mshahara. Mshahara ukisimama, benki haisimami. Aende akazungumze nao kabla ya likizo kuanza, waandikishane namna ya kulipa. Kama ana deni la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, vilevile: yale makato ya asilimia 15 hayatakuwepo, deni litabaki palepale.

Bangwe_Bandarini:
Nimesahau moja. UNV hawatozi hata senti katika hatua yoyote. Mkiletewa ujumbe wa WhatsApp kwamba mmepata nafasi ya wanandoa Canada, tumeni laki mbili ya "usajili", futeni.

Halafu kwenye wasifu andikeni lugha zote kwa ukweli. Mkunga anayejua Kiha akaelewana na mama wa Kirundi ana kitu ambacho wengine hawana, na Kifaransa kikiongezeka hapo, hata cha kuanzia, matangazo ya Kongo na Afrika ya Kati yanafunguka. Kama anaweza kupata nafasi ya ndani kwenye huduma za wakimbizi huku kwetu Kigoma kwa miezi kadhaa, aichukue kwanza. Uzoefu huo unasomeka vizuri mbele ya anayechagua waombaji kuliko ukurasa mzima wa semina.